Sahihi Yetu Mnaitaka, Maoni Yetu Hamyataki

KUTOKA VOI
Na Mkawasi Mwakio

Wiki hii nimekasirika na sina nia ya kuificha hasira yangu. Niliketi katika ukumbi mmoja hapa mjini nikamwona mama wa makamo akinyamazishwa kabla hajamaliza kusoma kifungu cha pili cha waraka mrefu, waraka ambao yeye na wenzake waliuandika usiku baada ya kazi ya shimo, bila kulipwa hata shilingi na mtu yeyote. Aliyemnyamazisha analipwa posho ya kuketi pale amsikilize.

Kamati iliyoitisha kikao hicho cha kukusanya maoni siitaji. Wiki ijayo itakuja nyingine, itafanya vilevile, na sitaki hii ya juzi ibebe peke yake aibu ambayo ni ya wengi.

Mama huyo ni katibu wa chama cha wachimbaji wadogo wa vito upande wa Kasigau. Chama hakina ofisi wala mwajiriwa. Mwenyekiti anachimba, mweka hazina anachimba, na katibu mwenyewe, nilipompa mkono, nilihisi sugu za mtaimbo kwenye kiganja chake. Karatasi za chama hukaa kwenye mfuko wa plastiki nyumbani kwake, juu ya kabati, mahali ambapo mchwa hawafiki upesi. Kukiwa na safari, wanachama wanachanga: nauli ya matatu ya kutoka Rukanga hadi Maungu, nyingine ya kutoka Maungu hadi Voi, na pesa za fotokopi. Siku wanayokuja mjini kusema na serikali ni siku ambayo hakuna aliyeshika sururu, na mchimbaji asiposhika sururu nyumbani hakupikwi.

Muswada wa uchimbaji uliokuwa ukijadiliwa uliwafikia kwa simu, siku chache tu kabla ya kikao, ukiwa wote kwa Kiingereza. Hakuna aliyewaletea nakala. Mtu alimtumia mtu kwa WhatsApp, naye akamtumia mwingine, mpaka ukaangukia kwenye simu ya kijana mmoja mwenye kidato cha nne. Wakafanya jambo ambalo sijaona wanasheria wa kaunti yoyote wakilifanya: wakausoma wote. Kijana anasoma kifungu, anakieleza kwa Kiswahili, wazee wanauliza maswali kwa Kidawida, wanabishana, katibu anaandika. Wakagundua, kwa mfano, kwamba ada inayopendekezwa ni ileile kwa mwenye mtambo wa kuchimbua na kwa mwenye sururu na beleshi. Hawakuishia kulalamika. Waliandika maneno mbadala, wakaonyesha yaingie ukurasa gani na mstari gani. Mimi nimeshasoma memoranda za mashirika yenye magari ya kifahari na makao makuu Nairobi. Nyingi hazifikii hii.

Basi twende ukumbini. Kikao kiliitishwa saa tatu asubuhi, na waheshimiwa wakaingia jua likiwa karibu utosini. Tukaomba. Tukatambulishana. Tukaambiwa itifaki imezingatiwa, kisha itifaki ikaanza kuzingatiwa upya kwa kila mgeni aliyeingia. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnaijua vita yangu na meza kuu, ile yenye kitambaa na maji ya chupa huku wananchi wakikauka koo kwenye viti vya nyuma. Sijaiacha vita hiyo. Lakini juzi hata meza kuu niliisahau, kwa sababu lililofuata lilikuwa baya zaidi.

Baada ya muhtasari uliosomwa kwa Kiingereza mbele ya watu waliokuja kwa Kiswahili, tukatangaziwa kwamba kila msemaji ana dakika mbili. Dakika mbili kwa muswada mzima! Mama katibu akasimama, akavaa miwani, akafungua waraka wake. Alisalimia kwa adabu, akasema anazungumza kwa niaba ya nani, akaanza na kifungu cha ada. Alipogeuza ukurasa kwenda kifungu cha pili, mwendeshaji wa kikao akamkatiza: “Mama, tupe maoni yako kwa ufupi tu. Hayo ya kifungu kwa kifungu ni kazi ya mawakili.”

Akajibu bila kupandisha sauti: “Mheshimiwa, atakayeshtakiwa kwa vifungu hivyo ni mimi, si wakili.”

Ukumbi ulipiga makofi. Kipaza sauti kikapelekwa kwa mtu mwingine, mzee mmoja aliyesema kwamba anaunga mkono muswada na anawashukuru waheshimiwa kwa kuja. Huyo hakukatizwa.

Mama hakukata tamaa. Alimwendea karani pembeni, akamkabidhi waraka, akaomba jambo dogo ambalo kila ofisi ya serikali hulifanya kila siku: nakala yake igongwe muhuri kuonyesha umepokelewa, na tarehe iandikwe. Karani akasema muhuri umebaki ofisini. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, nikamsikia kwa masikio yangu.

Muhuri ulisahauliwa, lakini fomu za mahudhurio hazikusahauliwa. Zilikuja zimebanwa kwenye ubao, kalamu imefungwa kwa uzi isipotee. Kuna nafasi ya jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kijiji na sahihi. Nafasi ya maoni hakuna. Karani huyohuyo alipita safu kwa safu, akarudi tena kwa waliochelewa, akasimama mlangoni wakati wa kutoka kuhakikisha hakuna anayeondoka bila kutia sahihi. Bidii ile, laiti ingetumika kupokea waraka mmoja!

Fomu hizo ndizo zitakazopelekwa bungeni. Siku mtu akienda mahakamani kudai wananchi hawakushirikishwa, zitatolewa faili nene zenye majina na sahihi, na jina la mama katibu litakuwemo, ushahidi kwamba alisikilizwa. Ameitwa aje awe shahidi dhidi yake mwenyewe. Hilo ndilo lililonichoma, na ndilo ninalowataka wachimbaji, wakulima, wafugaji na waendesha boda wa kaunti hii walielewe vizuri kabla ya kikao kijacho.

Sheria haisemi hivi. Kifungu cha 10 cha Katiba kimeweka ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 118 kinalibana Bunge la kitaifa, na cha 196 kinayabana mabunge ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka mwananchi apate habari na nyaraka kwa wakati. Na mahakama ilishasema. Mwaka 2014, katika kesi ya Robert Gakuru na wenzake dhidi ya Kaunti ya Kiambu, Jaji George Odunga aliifuta sheria nzima ya fedha ya 2013 ya kaunti ile kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alieleza kwamba bunge la kaunti lina wajibu wa kuwafuata watu mahali wanapokutana: makanisani, misikitini, kwenye baraza, kwenye redio za lugha za mama. Kaunti ilikata rufaa ikashindwa. Tangu hapo kila karani wa bunge anaijua kesi hiyo. Walichojifunza wengi wao ni kukusanya sahihi.

Tena hapa hatuzungumzii burudani. Nitawapa mfano wa burudani ili mwone tofauti. Uingereza kuna mchezo uitwao airsoft, watu wazima wanavaa kama askari na kukimbizana msituni wakirushiana vidonge vya plastiki kwa bunduki za kuigiza zinazofanana kabisa na za kweli. Mwaka 2006 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuzuia uuzaji na uagizaji wa bunduki za namna hiyo. Wachezaji na wauzaji wakapeleka hoja zao serikalini, na kanuni za 2007 zikatoa kinga kwa mchezo ulioandaliwa rasmi na wenye bima. Mwaka 2017 sheria nyingine ikaandika hadi kipimo cha nguvu: jouli 1.3 kwa bunduki inayorusha mfululizo, 2.5 kwa isiyorusha mfululizo. Wachezaji wana chama chao, UKAPU, kinachoendeshwa na watu wa kujitolea kama huyu mama wetu. Mchezo wa Jumapili umeingizwa kwenye sheria hadi nukta ya desimali. Mchimbaji wa Kasigau, ambaye karo na unga wa nyumba yake vimo humo shimoni, ananyimwa dakika ya tatu.

Na vito hivi si vya jana. Lile jiwe la kijani ambalo dunia inaliita tsavorite limepewa jina la Tsavo yetu hii, mwaka 1974, na kampuni ya Tiffany ya New York. Campbell Bridges, mwanajiolojia aliyelitambulisha kwa ulimwengu, aliuawa huku kwetu Agosti 2009 katika mzozo wa eneo la machimbo. Damu imemwagika kwa sababu ya mipaka na vibali visivyoeleweka. Kwa miongo mingi nchi iliongozwa na sheria ya madini ya 1940, ya mkoloni, ambayo mchimbaji mwenye sururu haikumjua kabisa. Machoni pake alikuwa mwizi anayesubiri kukamatwa. Ilibidi tungoje hadi Sheria ya Madini ya 2016 ndipo mchimbaji mdogo akatambuliwa, akawekewa utaratibu wa kibali na kamati ya uchimbaji mdogo katika kila kaunti.

Sheria hiyohiyo ilisema mrabaha wa madini ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi machimboni. Kamuulizeni mtu wa Mkuki au Kamtonga ile 10 ameiona wapi. Tena zaidi ya nusu ya kaunti hii ni mbuga ya Tsavo, ambako hatulimi, hatulishi, hatuchimbi. Kipande kilichobaki tunakigawana na mashamba ya mkonge, ranchi na ndovu. Ndani ya kipande hicho ndimo wachimbaji wanamotafuta riziki, halafu broka anakuja, analiinua jiwe juani, analimulika kwa tochi, anasema lina ufa, na bei inaanguka palepale. Sheria nzuri ingewakinga na hata huyo broka. Nani ataiandika hiyo sheria nzuri ikiwa wanaojua ufa wa kweli na ufa wa broka hawaruhusiwi kumaliza sentensi?

Nimeshaisikia hoja ya upande wa pili, na msomaji wangu wa Mwatate anayeniandikia kila nikiwagusa waheshimiwa ataileta tena: kwamba vyama hivi huwa vya watu wachache, kwamba nyuma yake kuna mabroka, kwamba kila mtu akipewa nusu saa kikao hakitaisha. Chama chenye broka nyuma yake kingekuja na wakili na gari. Hiki kilikuja na mfuko wa plastiki. Na kama muda hautoshi, waheshimiwa waingie ukumbini saa tatu waliyoiandika wao wenyewe kwenye tangazo. Saa zile tulizokaa tukiwasubiri zingetosha waraka wote usomwe, taratibu, na maswali yaulizwe.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana kesho. Muswada utoke na tafsiri ya Kiswahili, kwa kuwa Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Waraka wowote ulioandikwa upokelewe kwa muhuri mbele ya aliyeuleta. Na ripoti ya kamati ieleze, kwa kila pendekezo, limekubaliwa au limekataliwa na kwa nini. Mwananchi akikataliwa kwa sababu zilizoandikwa, anaweza kupinga sababu hizo. Akipotezewa karatasi, hana pa kushika.

Hadi hayo yafanyike, nasema hadharani na kwa jina langu: msitie sahihi. Nendeni vikaoni, ketini, semeni, pelekeni nyaraka, lakini fomu ya mahudhurio isiguswe mpaka nakala yenu iwe imegongwa muhuri. Wakisema muhuri uko ofisini, waambieni na kalamu yenu iko Kasigau. Nauli ya mia chache inayotolewa mlangoni kwa aliyetia sahihi ndiyo bei wanayowanunulia, na ni bei ya chini kuliko ya broka yeyote.

Chama kimekaa tangu juzi na kimeamua. Waraka uleule unaandikwa upya kuwa ombi rasmi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba, ambacho kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lichunguze jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, ikiwemo kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Wanachama wanakusanya sahihi zao wenyewe safari hii, kwenye karatasi zao, chini ya maneno waliyoyaandika wao. Nimeombwa nisome rasimu kabla haijapigwa chapa. Nimeisoma, na sikubadilisha chochote.