Kuhamia Mwanza au kubaki kijijini? Daraja limebadili hesabu

Kila baada ya mavuno, wasikilizaji wetu huuliza swali lile lile kwa simu na ujumbe: nikishauza mpunga au pamba, nihamie Mwanza au nibaki? Tangu Juni 19, 2025, Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, jibu la swali hilo si lile la zamani.

Tuanze na ukubwa wa mji wenyewe. Kwa Sensa ya 2022, Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728. Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazobeba mji wa Mwanza, kwa pamoja zilikuwa na watu 1,104,521. Mwanza basi ni mji wa kati. Ni mkubwa wa kutosha kuwa na hospitali ya rufaa ya kanda na vyuo vikuu, na mdogo wa kutosha mtu wa hapa Buzuruga kufika katikati ya mji kwa daladala moja.

Faida zake

Faida ya kwanza ni ukaribu na nyumbani. Mtu wa Magu, Misungwi au Kwimba anaweza kutafuta riziki mjini, mvua zikianza akarudi kulima, na ukitokea msiba akafika siku hiyo hiyo. Aliyehamia Dar hawezi hivyo. Nauli na siku za safari zinamkata na shamba lake.

Ya pili ni huduma. Bugando inatoa hata tiba ya saratani kwa mionzi, hivyo mgonjwa wa Kanda ya Ziwa anaweza kuhudumiwa huku huku, karibu na ndugu zake.

Ya tatu ni soko. Pale Mwaloni, Kirumba, dagaa wa ziwa hili hununuliwa na wafanyabiashara wanaowapeleka hadi Kongo. Mwenye mtaji mdogo na bidii anaweza kupata pa kushika.

Hasara zake

Mji wa kati unaonekana nafuu, lakini unafuu huo una malipo yake. Mwenye nyumba mara nyingi anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali naye anasubiri chake. Maji, mkaa na mchicha, vyote ni vya kununua.

Viwanja vya bei ya chini viko pembezoni au juu ya miamba, ambako gari halipandi na bomba huchelewa kufika. Chanzo kipya cha maji cha Butimba kimejengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, lakini maji hayo yanahitaji pampu, matenki na mabomba ndipo yamfikie mtu wa mlimani. Kwa hiyo ukiambiwa kiwanja ni rahisi, uliza kwanza kama kimepimwa, barabara inapita wapi na jirani anachota maji wapi.

Kazi nazo hazitulii. Viwanda vya kusindika sangara viliajiri wengi tangu miaka ya 1990, lakini samaki walipopungua baadhi vilifunga. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyopangwa. Aliyekuwa akiuza penye wapita njia wengi alilazimika kuanza upya kutafuta wateja. Sisi wa Buzuruga tunajua pia maisha ya stendi: mabasi yakihamishwa, mama lishe na bodaboda hufuata au hubaki bila wateja.

Njia ya tatu

Hapo ndipo daraja linapoingia. Lina urefu wa takriban kilomita 3 na limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Zamani mtu wa Sengerema au Geita alisubiri kivuko, na kwa foleni angeweza kupoteza saa mbili au zaidi. Sasa gari linavuka kwa dakika chache, usiku na mchana.

Maana yake ni kwamba mtu wa ng'ambo anaweza kulitumia jiji bila kuhamia. Analeta mzigo wa mananasi asubuhi, anapita Bugando kumwona mgonjwa, jioni yuko kwake. Hana kodi ya kulipa, na shamba lake bado lipo.

Lakini daraja hupitisha watu pande zote mbili. Mnunuzi wa mjini naye anafika shambani kwa urahisi, na ardhi iliyo kando ya barabara itazidi kutafutwa. Anayeuza heka zake leo ili apate mtaji wa kuja mjini asitegemee kuzinunua tena kwa bei ile ile.

Swali hili si letu peke yetu. Huko Marekani, kuanzia mwaka 2001, familia za Kisomali zilihamia Lewiston, mji wa watu kama 36,000 katika jimbo la Maine. Walifuata kodi nafuu na utulivu wa kulea watoto. Mwaka 2002 meya aliandika barua ya wazi kuwaomba wapunguze kasi ya kuja, akidai mji umeelemewa. Wengi walibaki hata hivyo, wakafungua maduka. Funzo kwetu ni kwamba unafuu wa mji huvuta watu haraka kuliko mji unavyojiandaa. Halmashauri zetu zipime viwanja na kufikisha maji kabla watu hawajajenga.

Kabla ya kufunga mzigo

Jiulize mambo matatu. Miezi mitatu ya kwanza, kabla sijapata kipato, nitalala wapi na nitakula nini? Nina ujuzi gani ambao mtu wa mjini atanilipa? Na nikishindwa, narudi kwenye nini?

Kwa kijana mwenye fundi wa kumpokea au ndugu wa kumhifadhi, Mwanza inafaa kujaribiwa. Kwa familia yenye ardhi inayofikika ndani ya siku moja, tunaona ni heri aende mmoja kwanza, wengine wabaki. Shamba likodishwe, lisiuzwe, na makubaliano yaandikwe mbele ya uongozi wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hatimiliki ya kimila. Ifuatilie ofisi ya kijiji hata kama hufikirii kuhama. Safari ya mjini ina uwezekano wa kurudi, ila awepo mtu au kitu cha kukupokea.