Kabla ya kugeuza Canter kuwa keja, uliza utaiegesha wapi

Umeziona hizo video. Lori kuukuu la boksi linaingia gereji likiwa na kutu, na dakika kumi baadaye linatoka na kitanda, jiko, sinki, rafu za vitabu na paneli za sola juu ya paa. Mwenyewe anafungua mlango wa nyuma, nje kuna ziwa na milima. Nawe uko kwenye bedsita yako Roysambu au Umoja, tarehe tano, na landilodi ameshatuma meseji mbili. Lazima ujiulize: kwani nikinunua Canter iliyochoka na kumpa fundi wa jua kali kazi, si nitakuwa nimeagana na kodi?

Wazo hilo si la kijinga. Boksi la Canter ya kawaida lina urefu wa mita nne hivi na upana wa mita mbili, yaani karibu mita mraba nane. Chumba cha futi 10 kwa 10 ambamo wengi wetu tumelelewa ni mita mraba tisa na kidogo. Kuta za boksi zimenyooka, kwa hivyo kabati na kitanda vinakaa vizuri, tofauti na matatu kuukuu lenye kuta zilizopinda. Tena lina magurudumu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipofurusha watu Mathare na kwingineko kando ya mito ya Nairobi, nani hakutamani nyumba unayoweza kuiwasha ukaondoka nayo?

Lakini sikiliza kisa kimoja vizuri. Mwaka 2015, habari za kijana wa miaka 23 zilizunguka dunia. Alikuwa ameajiriwa na Google kule California, na badala ya kupanga nyumba alinunua lori la boksi la mwaka 2006 kwa takriban dola 10,000. Lilikuwa na futi mraba 128. Watu walimsifu kwa ujanja wake. Waliosoma hadi mwisho waliona jambo jingine: aliegesha kwenye kampasi ya mwajiri wake, akaoga huko huko kazini na kula chakula cha bure cha kampuni. Lori lilimpa pa kulala, mengine yote alipewa na kazi.

Wewe kazini kwako kuna bafu?

Hapo ndipo hesabu za wengi wetu huenda mrama. Kodi unayolipa si ya kuta peke yake. Unalipia choo, maji, taka kuzolewa, geti linalofungwa usiku, na mahali ambapo mtu wa boda anaweza kukuletea mzigo. Zaidi ya yote, unalipia kipande cha ardhi ambacho hakuna mtu atakufukuza saa nane usiku. Lori linakupa kuta. Hayo mengine bado utayatafuta kila siku, na kila moja lina bei.

Ukiegesha mjini bila kulipa, kanjo watafunga gurudumu cheni, na safari hii watakuwa wamefunga nyumba yako. Ukiegesha kwenye kituo cha mafuta, soja atakuvumilia wiki moja, si mwaka mzima. Hata huko Marekani mambo si mteremko. Los Angeles ilikuwa na sheria ya kukataza watu kuishi ndani ya magari. Mahakama ya rufaa iliitupa mwaka 2014 kwa kuwa haikueleweka vizuri, na baadaye jiji likaja na masharti mengine ya wapi mtu anaweza kulala garini. Na filamu ya Nomadland, iliyoshinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021, haikuhusu vijana walio likizoni. Ilihusu watu wazima waliofukuzwa majumbani na hali ngumu ya uchumi.

Kama bado unataka, sawa, lakini jenga kwa akili. Kwanza mlango. Boksi la mizigo hufungwa kwa nje, kwa hivyo mtu yeyote anaweza kukufungia ndani. Mwambie fundi aweke kufuli la ndani na njia ya pili ya kutokea, kabla hata ya kufikiria rangi. Pili, hewa. Weka tundu chini na jingine juu, na usiwahi kulala na jiko la makaa humo. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na kila baridi ya Julai tunasikia habari za watu waliolala nayo wasiamke. Tatu, joto. Bati tupu litakuoka mchana na kukutonea maji usiku, kwa hivyo weka kizuia joto kati ya bati na mbao. Nne, uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi la lita 200 likikaa upande mmoja litakuyumbisha kwenye kona.

Kisha karatasi. Ukibadilisha umbo au matumizi ya gari, NTSA lazima ijue na gari likaguliwe. Bima ni lazima kisheria, na mwambie ukweli anayekuuzia. Ukisema ni lori la mizigo ilhali kuna kitanda na mtungi wa gesi ndani, usishangae wakikataa kulipa. Kumbuka pia kwamba hii ni mashine. Siku gearbox itakaposhushwa, utalala wapi?

Msimamo wetu ni huu: anza na ardhi, lori lifuate. Kama kuna shamba la familia lenye maji na choo, au wewe na marafiki mnaweza kukodi ploti pamoja na kuandikishana na mwenyewe, hapo mna msingi. Kama kazi yako inahama, mfano unafuata miradi ya ujenzi au unafunga mahema ya sherehe kaunti hadi kaunti, lori lenye kitanda linaweza kukufaa kuliko bedsita unayoilipia bila kulala humo.

Na viongozi wasione hii kama mchezo wa vijana wa mtandaoni. Mfanyakazi akianza kupiga hesabu ya kulala ndani ya lori, ujue kodi imemshinda. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, asilimia 1.5 ya mshahara inakatwa kila mwezi, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kaunti nazo zinaweza kutenga viwanja vyenye maji, vyoo, taa na geti, na kuweka kanuni zinazoeleweka kwa anayeishi kwenye magurudumu. Hilo ni rahisi kuliko ghorofa, na linaweza kuanza mapema.

Kwa sasa, kabla hujatuma dipoziti kwa mwenye Canter, chukua karatasi. Andika siku saba za wiki, na kando ya kila siku andika utalala wapi, utaoga wapi, utaenda choo wapi na maji utachota wapi. Kisha wapigie simu wenye hizo sehemu uwaulize. Wakikubali wote, mtafute fundi. Wakikataa, weka hizo pesa.