Nani Atapanda Mlima?

Wadau, wikiendi nilipanda Lushoto kumsalimia bibi. Kwenye kiwanja cha shule, chenye mteremko kama paa, nikamkuta dogo akirusha mawe kuvuka bonde. Mkono ule! Akaniambia, "Kaka, nikimaliza kidato cha nne naenda Dar kutafuta kibarua."

Msicheke, mkono ni mtaji. Mwaka 2022 Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na Los Angeles Dodgers kucheza besiboli. Mwaka 2023 Dennis Kasumba, aliyekuwa akijifua kwa matairi chakavu, akacheza Marekani kwenye ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa na timu kubwa.

Hawa walipata kocha na mtu wa kuwatazama. Wetu anasubiri UMISSETA: apenye shule, wilaya, mkoa, ndipo aonekane siku chache. Akiumwa wiki ile, basi tena.

Nami sijitoi. Nimejaza kurasa za Simba na Yanga, lakini mashindano ya shule za Lushoto sijaandika hata mstari. Tukiishia Mombo, kipaji hakitashuka chenyewe.

Mnasemaje?