Boksi la spika nyuma ya shingo za abiria: wenye IST wa Kilosa na Mikumi, hili mnalichukulia poa

Kuna dereva mmoja wa mchomoko, jina kapuni, anayekula ruti ya Kilosa–Mikumi na IST yake nyeupe. Stendi nzima inamjua kwa muziki. Abiria akikuta gari tatu zimepanga, anaingia ya jamaa, maana kwenye buti kuna boksi lenye spika mbili za umbo la yai, zile za inchi 6 kwa 9, na mdundo unafika kabla gari halijaonekana. Hapo hana kosa, biashara ni matangazo.

Balaa likaja siku alipokodiwa na familia moja kwenda Morogoro kwenye sendoff. Buti lilijaa mabegi na masufuria, boksi likapandishwa juu ya mizigo, usawa wa vichwa. Ukishapita Mikumi mjini, ile barabara kuu inakata katikati ya hifadhi kwa karibu kilomita 50, na nyani hawaangalii kulia na kushoto. Mmoja akakatiza, breki ikakanyagwa, gari likasimama. Boksi halikusimama. Shangazi wa binti anayeagwa akala kona ya mbao kwenye bega, akaingia ukumbini mkono umefungwa kwa kanga. Picha zote za sherehe yupo hivyo hivyo.

Kijiweni wakasema angefunga kamba. Kamba gani, wandugu? Gari limejaa watu, nyuma yao kuna mbao na sumaku zenye uzito wa ndoo ya maji, halafu mjadala ni kamba! Boksi la kutupia halikupaswa kuwepo pale. Spika za nyuma zina kwao, na kwao ni milangoni.

Gari nyingi ndogo za Japani za daraja la chini zimekuja na spika mbele tu. Milango ya nyuma ina nafasi yake, ipo tupu, inasubiri. Kinachokosekana ni uvumilivu wa fundi, na wa mwenye gari anayesimama pembeni akiuliza "bado tu?"

Fundi anayejua kazi anashusha kioo mpaka chini kabisa kwanza, ndipo anapima kina. Spika yenye sumaku nene itagusana na kioo, na abiria wa kwanza kushusha dirisha ndiye atakayekuonyesha. Nafasi ikiwa finyu anaweka ringi ya plastiki kuinyanyua spika kidogo, hachukui tindo akaanza kukata bati. Ringi ya mbao laini za kiwandani nayo ni hasara, ndani ya mlango maji ya mvua huwa yanapita na mbao hizo zinavimba kama andazi.

Halafu ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli ya mlango. Mafundi wengi wanaichana na kuitupa, eti inasumbua. Ile ndiyo inazuia maji na vumbi kuingia ndani, na mtu wa Kilosa hahitaji kufundishwa habari za maji wala vumbi. Inabanduliwa taratibu na kurudishwa.

Waya zipite kwenye ule mpira wenye mikunjo kati ya mlango na bodi. Zikichungulia ukingoni zitabanwa kila mlango ukifungwa, ipo siku zitagusana na redio itakufa. Na chanya iende kwenye chanya. Ukigeuza upande mmoja, spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, besi inapotea, na wewe unakimbilia dukani kununua spika nyingine wakati tatizo ni waya mbili tu.

Kuna watakaosema milangoni muziki haupigi kama boksi. Kweli, besi itapungua kidogo. Lakini zile wati 1000 zilizoandikwa kwenye boksi ni stika, redio ya kawaida ya gari inasukuma wati 15 au 20 za kweli kwa kila spika. Mlango ulioshikwa vizuri, usio na paneli inayotetemeka, unatoa sauti safi ambayo abiria wa nyuma anaisikia bila kupigiwa kelele kisogoni. Na buti linarudi kuwa buti. Kwenye ruti ya watu wenye magunia ya mahindi na vitunguu, hiyo ni hela.

Jamaa wa IST nyeupe kwa sasa kahamia milangoni. Kazi ilimlaza gari siku nzima, akalalamika kwamba kapoteza tripu. Klipu mbili za paneli zilivunjika, fundi akatafuta nyingine badala ya kupiga skrubu juu juu, paneli zikarudi utadhani hazijaguswa. Ukiingia huoni kitu, unasikia tu.

Shangazi naye juzi kapanda gari lile lile. Kabla hajakaa, aligeuka kwanza akachungulia buti.