Kompyuta mbili, kibodi moja: Chagua swichi kwa makini

MAFAHALI wawili hawakai zizi moja, walisema wahenga. Lakini katika nyumba nyingi za mijini siku hizi utakuta kompyuta mbili zikigombea meza moja, na kila moja ina mwenyewe.

Mama huja na kipakatalishi cha kazini kwa sababu siku kadhaa za wiki hufanyia kazi nyumbani. Kijana wa chuo kikuu naye ana kompyuta ya mezani aliyonunuliwa ikiwa imetumika, na ndiyo anayoandikia tasnifu yake. Meza ni moja, skrini kubwa ni moja, na chumba hakina nafasi ya kuongeza hata stuli.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua skrini ya pili na kibodi ya pili. Wengine huchomoa waya huku na kuchomeka kule kila jioni, hadi tundu linalegea na picha inaanza kucheza.

Ipo njia nyingine, msomaji mpendwa, nayo ni swichi inayokuwezesha kuendesha kompyuta mbili, nne au hata zaidi kwa kibodi moja, kipanya kimoja na skrini moja. Hujulikana kwa herufi KVM, zilizotokana na majina ya Kiingereza ya kibodi, video na kipanya.

Ni kisanduku kidogo tu. Upande mmoja huchomekwa skrini, kibodi na kipanya; upande wa pili huchomekwa waya zinazotoka kwa kila kompyuta. Ukibonyeza kitufe, vyote vitatu huhama kwa pamoja kutoka kompyuta hii hadi ile. Ile uliyoiacha haizimiki, bali huendelea na kazi yake hadi utakapoirudia.

Je, unaihitaji?

Kabla ya kutoa pesa mfukoni, jiulize swali hili: kompyuta hizo mbili zitatumiwa na mtu mmoja kwa zamu, au na watu wawili kwa saa moja? Swichi haigawi skrini. Ikiwa mama na kijana wote wanahitaji kufanya kazi saa mbili usiku, kisanduku hiki hakitaleta amani nyumbani. Hapo afadhali skrini ya pili, hata kama ni ya mtumba.

Lakini ikiwa mtu mmoja ana kompyuta ya kazini na yake binafsi, au watu wa nyumbani wamekubaliana zamu, basi swichi itawafaa.

Pili, tazama nyuma ya skrini yako. Skrini nyingi zina matundu mawili au zaidi ya kuingizia picha, na unaweza kuchagua moja kwa kitufe cha skrini yenyewe. Kama yako ni ya aina hiyo, chomeka kompyuta zote mbili moja kwa moja, kisha utafute swichi ya USB pekee ya kuhamisha kibodi na kipanya. Kwa kawaida bei yake ni ya chini kuliko ya KVM, na kwa kuwa picha haipiti ndani yake, haiwezi kuiharibu.

Tatu, kama kila kompyuta ina skrini yake na zote ziko kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, kuna programu za bure zinazoruhusu kipanya kuvuka kutoka skrini moja hadi nyingine. Mojawapo ni Mouse Without Borders ya Microsoft, ambayo huunganisha hadi kompyuta nne za Windows. Nyingine ni Deskflow, ambayo hukubali pia Mac na Linux. Hata hivyo, kumbuka kwamba waajiri wengi hawaruhusu programu ngeni kuwekwa kwenye mashine zao. Swichi ya KVM haihitaji programu yoyote kuwekwa, na hufanya kazi hata kabla kompyuta haijamaliza kuwaka.

Hesabu matundu

Ukishaamua kununua, chukua kalamu na karatasi. Andika matundu ya picha yaliyo kwenye kila kompyuta na kwenye skrini. Kompyuta kuukuu za mezani aghalabu zina VGA, lile tundu pana lenye vijishimo 15 ambalo lilianza kutumika mwaka wa 1987. Za baadaye zina HDMI au DisplayPort, na vipakatalishi vyembamba huwa na USB-C pekee.

Swichi inayofaa ni ile ambayo matundu yake yanalingana na karatasi yako. Usikubali kuambiwa dukani kwamba adapta itamaliza kila kitu. Kutoka DisplayPort kwenda HDMI, adapta rahisi mara nyingi hutosha, lakini kutoka HDMI kwenda DisplayPort lazima upate kigeuzi chenye nguvu zake. Hali kadhalika kutoka VGA kwenda HDMI. Kila kigeuzi ni gharama nyingine, na ni mahali pengine pa kuharibika.

Kuhusu USB-C, tahadhari. Si kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kupitisha data tu. Soma kijitabu cha kipakatalishi chako, au kichomeke kwenye skrini ya mwenzako uone, kabla hujanunua swichi ya aina hiyo.

Kama unatumia skrini mbili kwa pamoja, utahitaji swichi iliyotengenezwa kwa skrini mbili, na kila kompyuta italeta waya mbili za picha. Ile ya kawaida haitakusaidia.

Uliza pia kama waya zimo ndani ya boksi. Kwa kompyuta mbili utahitaji waya mbili za picha na mbili za USB, mbali na ile ya kwenda kwenye skrini. Swichi inayoonekana rahisi lakini imeuzwa bila waya huenda ikakugharimu zaidi ya ile iliyokamilika.

Ukali wa picha

Hapa ndipo wengi hunaswa. Boksi limeandikwa 4K kwa herufi kubwa, nawe unadhani umepata kitu cha maana. Angalia nambari inayofuata. Swichi iliyojengwa kwa kipimo cha HDMI 1.4 cha mwaka wa 2009 hupitisha picha ya 4K mara 30 tu kwa sekunde. Kwa sinema haidhuru, lakini kwa kazi ya ofisini utaona kipanya kikijikokota kama chenye usingizi. Kipimo cha HDMI 2.0, kilichotoka mwaka wa 2013, hufikisha mara 60 kwa sekunde, na hiyo ndiyo inayopumzisha macho.

Lakini kama skrini yako ni ya kawaida, yaani nukta 1920 kwa 1080, usilipie 4K. Swichi ya kawaida itakutosha kabisa.

Jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni hili. Skrini ikiunganishwa na kompyuta huitambulisha jina na ukubwa wake. Swichi hafifu hukata mazungumzo hayo kila unapohama. Kompyuta uliyoiacha hudhani skrini imechomolewa, ikapanga upya kila kitu: madirisha yote hurundikana pembeni, au picha hurudi ikiwa na maandishi makubwa ya kuchekesha. Swichi nzuri huhifadhi utambulisho huo, nayo kompyuta hubaki ikiamini kwamba skrini bado ipo. Kwenye boksi tafuta herufi EDID. Mtu anayehama mara kumi kwa siku ataona faida yake kabla wiki haijaisha.

Kuhama na umeme

Baadhi ya swichi zina kitufe juu ya kisanduku, nyingine kitufe kwenye waya mrefu unaoweza kukiweka karibu na mkono. Nyingine hukubali amri ya kibodi, mathalan kubonyeza Scroll Lock mara mbili. Hiyo ni raha kwa anayeandika sana, lakini kwanza hakikisha kibodi yako ina kibonye hicho, kwani nyingi ndogo za siku hizi hazina. Aidha, kibodi zenye taa na vibonye vya ziada huenda zikakosa baadhi ya madoido yake zikipitia kwenye swichi.

Swichi ndogo hunywa umeme kutoka kwa kompyuta kupitia USB. Kubwa huwa na adapta yake. Ikiwa jamaa amekuletea kutoka Marekani, soma maandishi yaliyo kwenye adapta kabla ya kuichomeka ukutani. Ikiwa imeandikwa 100 hadi 240V, haina neno. Ikiwa ni 120V pekee, umeme wetu wa 240V utaiunguza. Na kwa kuwa stima yetu hupotea na kurudi kwa kishindo, unganisha vyote kwenye kilinda-umeme kimoja.

Linda kazi na siri

Sasa nisikilize kwa makini, hasa wewe mwanafunzi. Swichi nyingi zina tundu la ziada la kuchomeka flashi. Ukumbuke kwamba ukihama, flashi nayo huhama. Kwa kompyuta uliyoiacha, ni sawa na kwamba umeichomoa ghafla. Ikiwa tasnifu yako ilikuwa bado inahifadhiwa humo, faili inaweza kuharibika, na kazi ya mihula miwili ikaenda na maji. Chomeka flashi moja kwa moja kwenye kompyuta yako, au uitoe kwa utaratibu wake kabla ya kugusa kitufe. Na usiache tasnifu mahali pamoja tu.

Nawe mzazi, usisahau kwamba swichi haifungi mlango. Ukihama kutoka kompyuta ya kazini bila kuifunga, mtoto akibonyeza kitufe atajikuta ndani ya barua zako na orodha ya wateja wenu. Hana nia mbaya, lakini ujumbe aliodhani anamwandikia rafiki unaweza kumfikia mkubwa wako. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Kulinda Data mwaka wa 2019, habari za watu si jambo la kuchezea hapa Kenya. Kwenye Windows, bonyeza kibonye cha Windows pamoja na L kabla ya kuhama. Ni kazi ya sekunde moja. Kisha muulize mwajiri wako kama anaruhusu mashine yake iunganishwe kwa njia hiyo.

Dukani

Ukienda Luthuli Avenue au kwingineko kunakouzwa vifaa vya umeme, beba kipakatalishi chako, kibodi yako na ile karatasi ya matundu. Omba swichi iwashwe mbele yako. Hama mara kumi mfululizo, ukihesabu sekunde skrini inazokaa gizani. Andika sentensi mbili uone kama kuna herufi inayoruka. Cheza video yenye sauti. Acha kompyuta isinzie, kisha uiamshe kwa kibodi kupitia swichi. Muuzaji akikataa kukujaribia, shika njia uende duka la pili. Kifaa kizuri hakiogopi majaribio.

Usilipe kabla hujapewa risiti na kuelezwa ni siku ngapi unaweza kukirudisha. Kasoro nyingi za swichi hazionekani siku ya kwanza, bali siku ya tatu, kompyuta zote mbili zikiwa na kazi.

Kwa familia nyingi zenye kompyuta mbili na skrini moja ya kawaida, kinachofaa ni swichi ya HDMI ya kompyuta mbili, yenye waya zake zote, inayohifadhi utambulisho wa skrini, na yenye kitufe kwenye waya. Matundu manne ni ya mwenye kompyuta nne. Usinunue ukubwa kwa kudhani kwamba siku moja utazipata.

Kisha kaeni kitako kama familia mpange zamu, muibandike ukutani karibu na meza. Ratiba hiyo haiuzwi ndani ya boksi lolote.