Usijisifu Ufasaha Usio Nao

Mwanafunzi mpendwa, mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Je, hiyo ndiyo ruhusa ya kuandika katika wasifukazi wako, "Kiswahili: fasaha," ilhali hata salamu zakutoa jasho? Wapo wasemao kuwa huo ni ujanja wa kutafuta riziki. Nakataa! Huo ni uongo, na anayedhulumiwa ni mwenzako aliyesema kweli akanyimwa nafasi. Andika unachokiweza: "Nasoma na kuandika barua rasmi, mazungumzo ningali nayajenga." Swali moja tu la usaili latosha kukuumbua, kwani njia ya mwongo ni fupi. Ukiidanganya karatasi leo, kesho utawahudumiaje wananchi kwa uaminifu?