Kigereng'enza Kimoja



Majuzi tulipamba mahali petu pa kutawadhia kwa vigae vya kioo, na kuvikata tukakata wenyewe. Tulivaa miwani, tukatumia mashine yenye diski ya almasi, taratibu bila ya kusukuma, maji yakikipoza kioo kisipasuke na kuzuia vumbi lisituingie kifuani. Kingo tukazilainisha kwa msasa wa maji. Tukafagia, tukaridhika.

Alfajiri ahali yetu alikwenda kutia udhu miguu mitupu, akachomwa na kigereng'enza kilichosazwa na ufagio. Tuliona haya, kwani Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani, na njia ya kwanza ni ya nyumbani mwetu.

Basi, ndugu zetu, kioo kikatieni uani juu ya turubai, watoto wakiwa mbali. Mkisha kufagia, pitisheni kitambaa kilichorowa, kisha mulikeni sakafu kwa tochi iliyolazwa chini, kigereng'enza kitang'aa. Mabaki yafungeni katika katoni, kwani mzoa taka naye ana mikono. Kazi huisha pale mtoto anapoweza kutambaa hapo kwa salama.

Wabillahi tawfiq.